Simba wa Kreta ya Ngorongoro na ramani zetu za vijiji

Katika ofisi nyingi za wilaya umezoeleka mgawanyo wa kazi usioulizwa. Ofisa ardhi hupima viwanja na mashamba. Mhandisi huchora barabara. Ofisa mifugo huchanja ng'ombe. Na mnyama wa porini, simba akiwamo, huachiwa askari wa wanyamapori pamoja na watalii wanaokuja kumpiga picha. Mwalimu naye, afikapo kwenye mada ya urithi katika somo la Baiolojia, huchora njegere ubaoni kama tulivyochorewa sisi, wala haoni sababu ya kumtaja mnyama ambaye jina lake wanafunzi wake hulitaja kila wiki kwa ajili ya mpira wa miguu. Naamini mgawanyo huo una kasoro, na ushahidi wa kasoro hiyo umo ndani ya damu ya simba wachache wa Ngorongoro.

Kreta ya Ngorongoro ni bonde la mviringo lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 250, lililozungukwa na kuta zenye kimo cha mita zipatazo 600. Ndani yake mna maji mwaka mzima, na nyumbu, pundamilia na nyati kwa maelfu. Simba azaliwaye humo hana sababu kubwa ya kutoka, na simba wa nje hana njia nyepesi ya kuingia.

Mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya ukame, zilinyesha mvua kubwa zilizoendelea hadi mwaka uliofuata. Mvua zile zilizalisha kwa wingi usio wa kawaida inzi wa jamii ya Stomoxys, ambao kwa umbo hufanana na inzi wa nyumbani ila wao huuma na kunyonya damu. Henry Fosbrooke, aliyekuwa Mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliandika habari za msiba uliofuata. Simba walijaa vidonda mwili mzima. Wengine walipanda mitini, wengine waliingia katika mashimo ya fisi, alimradi wapate mahali pa kuwakimbia inzi. Walishindwa kuwinda, wakakonda, wakafa. Kabla ya inzi idadi ya simba ilikuwa kati ya 60 na 75. Baada ya inzi walibaki wapatao 10, na katika hao dume alikuwa mmoja.

Katika miaka michache iliyofuata, madume saba walishuka kutoka nje na kujipatia makazi ndani ya kreta. Kisha mlango ukafungwa. Tangu mwaka 1969, na kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, kila dume aliyezalisha ndani ya kreta alikuwa amezaliwa humo humo.

Habari hizi zilijulikanaje? Hapa ipo sehemu ambayo walimu wataipenda. Simba hutambulika mmoja mmoja kwa madoadoa ya mizizi ya sharubu zake, ambayo hayafanani kwa simba wawili, kama alama za vidole vya binadamu. Watafiti wa Mradi wa Simba wa Serengeti, ulioanzishwa na George Schaller mwaka 1966 na kuongozwa kuanzia mwaka 1978 na Craig Packer pamoja na Anne Pusey, walikusanya picha zilizopigwa Ngorongoro na watalii katika miaka ya nyuma. Picha za likizo, zilizokuwa zimelala makabatini katika nchi za mbali, zikageuka daftari la ukoo. Mimi si miongoni mwa wanaopenda kila jambo letu lipimwe kwa macho ya mtalii, lakini hapa lazima nikiri kwamba kamera yake ilitufanyia kazi ambayo hakuna ofisi yetu iliyokuwa imeifanya. Kwa picha hizo, na kwa uchunguzi wa damu, ilibainika kwamba simba wote wa kreta walitokana na wazazi 15 tu. Ripoti hiyo ilichapishwa mwaka 1991.

Wazazi 15! Afadhali tutue hapa kidogo, kwa sababu idadi ya simba wenyewe haikuonyesha dalili yoyote ya msiba. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wameongezeka tena hadi kati ya 75 na 125. Ofisa ambaye angepelekwa kuwahesabu angerudi na taarifa ya kufurahisha: wamerudi kama walivyokuwa, na pengine wamezidi. Taarifa hiyo ingekuwa ya kweli kwa hesabu na ya kupotosha kwa maana. Vichwa 100 vyenye damu ya wazazi 15 si sawa na vichwa 100 vyenye damu ya wazazi 100, kama vile maktaba ya vitabu 100 ambamo kila kitabu kimo kwa nakala saba si maktaba ya vitabu 100.

Mwaka 1987 wanasayansi walitoa matokeo ya kulinganisha simba wa makundi matatu: wa nyanda za Serengeti, ambao ni wengi na huchanganyika, wa Kreta ya Ngorongoro, na wa msitu wa Gir katika jimbo la Gujarat nchini India, ambao ndio simba pekee wa porini waliobaki Asia. Walichunguza mbegu za kiume za madume. Kwa simba wa Serengeti, karibu robo ya mbegu zilikuwa na kasoro za umbo. Kwa wale wa kreta, nusu. Kwa wale wa Gir, theluthi mbili. Umbali kati ya Serengeti na Ngorongoro si mkubwa. Dume mwenye miguu mizima aweza kuutembea. Lakini katika kipimo hicho, simba wa kreta walisimama katikati ya jirani zao wa Serengeti na ndugu zao walio ng'ambo ya bahari.

Yafaa kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, kwani hapa pana kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Kuzaliana ndugu kwa ndugu hakuleti ugonjwa mpya. Kila kiumbe hubeba kasoro kadhaa zilizofichika katika vinasaba vyake, na kasoro hizo hulala kimya maadamu mzazi wa pili amempa mtoto nakala nzima ya jeni ileile. Wazazi wanapokuwa wa damu moja, nakala mbovu hukutana na nakala mbovu, na kilicholala huamka. Zaidi ya hayo, ukoo wenye jeni za aina chache huwa na kinga za aina chache. Ugonjwa uwezao kumshinda mmoja huelekea kuwashinda wote.

Simba kwa maumbile yake anayo dawa ya hatari hiyo. Jike hubaki katika kundi la mama yake, pamoja na dada na shangazi zake. Dume akifikia umri wa miaka miwili au mitatu hufukuzwa. Hutangatanga, mara nyingi pamoja na ndugu zake wa kiume, hadi wapate nguvu za kunyang'anya kundi mahali pengine. Vijana hao watangao, ambao wengi wetu huwahesabu kuwa wakorofi, ndio wabebaji wa damu kutoka pori moja hadi jingine. Ukimzuia kijana huyo njiani, iwe kwa ukuta, kwa shamba au kwa mkuki, umewazuia wajukuu ambao angewapata upande wa pili.

Ngorongoro alizuiwa na nini? Haki itendeke: si binadamu peke yake. Kreta ina chakula kingi, basi madume wa humo walikuwa wengi, wenye miili mikubwa na ushirika imara. Mgeni aliyefika ukingoni alikuta walinzi asioweza kuwashinda. Lakini nje ya ukingo kulikuwa pia na mashamba upande wa kusini, na upande wa kuelekea Serengeti kulikuwa na wafugaji ambao ng'ombe wao waliliwa, nao wakalipiza. Maumbile na binadamu walisaidiana kufunga mlango.

Gharama yake ilionekana baadaye. Kati ya mwaka 1994 na 2001 kreta ilipigwa na milipuko mitatu ya maradhi iliyofuatana upesi. Mtafiti Bernard Kissui, pamoja na Packer, walipoandika mwaka 2004 kuhusu miaka 40 ya kumbukumbu za simba wa humo, walieleza kwamba bonde lile lilikuwa na uwezo wa kulisha simba 100 hadi 120, na kwamba chakula hakikuwa kimepungua; hata hivyo kwa muda wa miaka 10 idadi ilikuwa chini ya 60. Mwaka 1962 simba walikuwa wameinuka upesi baada ya pigo. Safari hii hawakuinuka. Watafiti hao walitaja mambo mawili kuwa huenda ndiyo yaliyowafanya simba wawe wepesi kuugua: ukaribu na idadi ya watu inayokua, na historia ya kuzaliana damu kwa damu.

Itasemwa, na ni haki isemwe, kwamba mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliwaua pia simba wa Serengeti, kiasi cha theluthi moja, yaani wapatao 1,000, ijapokuwa wao hawakuwa na upungufu wa damu. Ni kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika milipuko ya mwaka 1994 na 2001 virusi vya distempa vilikuja wakati mmoja na vijidudu vya babesia viletwavyo na kupe, baada ya ukame uliowadhoofisha nyati, na maradhi hayo mawili kwa pamoja ndiyo yaliyoua. Kwa hiyo sidai kwamba uchache wa damu ndio muuaji. Dai langu ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu ni zito zaidi: Serengeti, penye eneo kubwa lililounganika, simba waliongezeka tena. Ndani ya kreta, pigo moja lilikuta bado hawajasimama kutoka pigo lililotangulia.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na bonde moja ilhali simba wapo wengi kwingineko. Tanzania inatajwa kuwa nchi yenye simba wengi kuliko nchi yoyote nyingine ya Afrika. Jibu limo katika historia ndefu zaidi ya mnyama huyu. Uchunguzi wa vinasaba vya simba walio hai na wa mifupa ya waliotoweka, uliochapishwa mwaka 2020, uliwagawa simba wa zama hizi katika matawi mawili yaliyoachana miaka ipatayo 70,000 iliyopita. Tawi moja ni la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambalo ndilo letu. Jingine ni la kaskazini, lililoenea Afrika Magharibi na ya Kati, Afrika ya Kaskazini na Asia. Kwa sababu hiyo wataalamu, tangu mwaka 2017, wameacha ile desturi ya kuwaweka simba wote wa Afrika upande mmoja na wale wa India upande mwingine. Simba wa Senegal ni ndugu wa karibu wa simba wa Gujarat kuliko alivyo ndugu wa simba wa Serengeti. Vitabu vya shule bado huchora mpaka baharini. Damu inasema mpaka umo ndani ya bara letu wenyewe.

Sasa tazama hali ya tawi lile la kaskazini. Katika Afrika ya Kaskazini ametoweka. Katika Uturuki, Irak na Iran ametoweka. Katika Afrika Magharibi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulikadiria kwamba walibaki simba 400 hivi, wengi wao katika mbuga zinazopakana za Benin, Burkina Faso na Niger. Na India walibaki wale wa Gir, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 inasemekana hawakuzidi 20, wakaokolewa na ulinzi wa Nawabu wa Junagadh. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua kulimaliza tawi hilo. Lilikatwa vipande vipande, kila kipande kikawa kreta yake, na vipande vikazimika kimoja baada ya kingine.

Habari za Gir zinatuhusu pia kwa sababu za kiutawala. Simba wale wameongezeka: hesabu ya mwaka 2020 ilikuwa 674, na ya mwaka 2025 ilikuwa 891. Lakini wote wamo katika jimbo moja. Tarehe 15 Aprili, 2013, Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru baadhi yao wahamishiwe Kuno, katika jimbo la Madhya Pradesh, ili msiba mmoja usije ukawamaliza wote. Jimbo lenye simba halikutaka kuachia fahari yake. Mwaka 2018 distempa ilizuka Gir ikaua simba zaidi ya 20. Mwaka 2022 Kuno ilipokea wanyama kutoka Afrika, lakini walikuwa duma kutoka Namibia, wala si simba kutoka Gujarat. Mtumishi yeyote wa serikali aliyewahi kuona idara mbili zikigombea gari moja atauelewa mkasa huo bila kueleweshwa zaidi.

Wengine husema dawa ni kuwasafirisha simba kwa lori. Imefanyika, na imefaa. Katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi nchini Afrika Kusini, simba walianza na dume mmoja aliyejifikia mwenyewe mwaka 1958 na majike wachache walioletwa baada yake. Baada ya miongo kadhaa dalili za kuzaliana ndugu zikajitokeza, na kati ya mwaka 1999 na 2001 waliletwa simba 16 kutoka nje. Watoto wa damu mpya wakawa na afya bora. Sipingi dawa hiyo kwa mahali palipozungushiwa waya na pasipo na njia nyingine. Lakini kuitegemea hapa kwetu kungekuwa sawa na mtu anayeziba kisima chake kisha akajivunia kwamba ana fedha za kununua maji. Tunazo njia. Simba anazitembea bure, usiku, bila daktari wala dawa ya usingizi.

Njia hizo ndizo tunazoziita shoroba, na kanuni zake zipo tangu mwaka 2018. Ushoroba wa Kwakuchinja, uliopo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni mfano ambao wengi wanaufahamu, kwani barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Babati inaupasua. Hifadhi ya Ziwa Manyara ni ndogo mno kuweza kutunza simba wake peke yake kwa karne nzima. Ikifungwa Kwakuchinja, Manyara itakuwa kreta bila kuta za mawe.

Niliwahi kuhudhuria kikao katika wilaya moja, ambayo sitaitaja, ambapo rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ilibandikwa ukutani. Ilionyesha shule, zahanati, visima, malisho na mashamba, kila kimoja kwa rangi yake. Mzee mmoja mfugaji alisimama, akaomba radhi kwa kutojua kusoma, kisha akaweka ncha ya fimbo yake katikati ya eneo lililopakwa rangi ya makazi, akasema kwamba hapo ndipo wanapopita usiku. Mwenyekiti alimshukuru sana, akaita ajenda iliyofuata. Nilipopita sehemu ile miaka miwili baadaye, nyumba zilikuwa zimeota, na wenye nyumba walikuwa wakilalamika kwamba simba wamevamia kijiji.

Siwalaumu wenye nyumba. Walionyeshwa viwanja kwa karatasi za halali. Wala siwezi kumwambia mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu kwa usiku mmoja kwamba afurahi kwa sababu dume yule alikuwa anapeleka damu Manyara. Kifuta jasho kipo katika kanuni tangu mwaka 2011, lakini kila mtumishi wa wilaya anajua ni mara ngapi mwananchi hufuatilia kabla hajakipata, na kiasi chake hakilingani na ng'ombe. Tukitaka mwananchi aiachie njia, malipo hayo yafike wakati maumivu bado ni mabichi. Huko Ngorongoro, tangu mwaka 2011, lipo shirika la KopeLion ambalo huwaajiri vijana wa Kimaasai, baadhi yao waliokuwa wawindaji wa simba, kuwa walinzi waitwao ilchokuti. Kazi yao ni kufuata nyayo, kuwaonya wachungaji, kutafuta mifugo iliyopotea na kuimarisha maboma. Wanafanya kazi katika eneo lile lile lililopo kati ya kreta na Serengeti, yaani mlangoni hasa. Naona hiyo ni hekima kubwa kuliko ile ya kutuma askari baada ya mkuki kurushwa.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo ofisa wanyamapori wa wilaya awepo, si kwa kutuma barua, na ataje kwa jina kila njia inayopita ndani ya mipaka ya kijiji. Ofisa ardhi asipime kiwanja hata kimoja kabla njia hizo hazijachorwa. Mhandisi aulizwe pale pale barabara yake itapitishaje mnyama. Na mwalimu wa Baiolojia wa sekondari iliyo karibu awalete wanafunzi wa kidato cha nne wasikilize, kisha kesho yake darasani awape hesabu ya wazazi 15 badala ya njegere. Mzee yule mwenye fimbo naye aitwe mapema, kabla rasimu haijapakwa rangi.